Colón Hatushuki

Jumapili, 6 Aprili

Tumepanda meli. Foleni pale Fort Lauderdale ilitambaa mpaka miguu ikafa ganzi, na kila mstaafu wa kiume amevaa shati la kasuku. Mimi nimevaa langu la kijivu lenye jina la kampuni kifuani. Marlys alininunulia la kasuku, limebaki sandukuni. Nilimwambia: miaka arobaini nimenyonya mashimo ya vyoo ya wilaya nzima, gari la kwanza nililinunua baada ya benki mbili kunicheka, na siku zote hizo sijawahi kujifanya ndege. Sianzi leo.

Chumba namba 6114. Kina dirisha, na mbele ya dirisha imening'inia mashua ya kuokolea watu. Hivyo bei yake ilishuka. Jirani wa upande wa pili ana dirisha zima na kalipa karibu mara moja na nusu ya bei yetu, ili aone nini? Maji. Maji hata mimi nayaona, pembeni ya mashua.

Kitandani tumekuta kijitabu cha ziara za nchi kavu. Kinene kuliko kitabu cha nyimbo kanisani kwetu. Aruba, Cartagena, Mfereji wa Panama, Colón, kisha nyumbani. Nimeketi nacho kama fundi anavyoketi na makadirio ya fundi mwenzake: kutafuta alipoificha faida. Sikutafuta sana. "Ziara ya saa nne" maana yake ni saa mbili za basi, dakika arobaini za duka, na kilichobaki ndicho ulicholipia. "Chakula chepesi" ni mkate na jibini. Na kila ziara ina kipicha cha mtu: aliyekaa, anayetembea, anayetembea na fimbo. Watu wazima tunachaguliwa raha kwa vipicha, kama watoto wa chekechea.

Marlys hakusoma ila ukurasa mmoja, wa Colón. Akapitisha kidole mpaka chini, akafunga.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Mount Hope. Utaoga kwanza wewe au mimi?"

Mount Hope ni makaburi, ukingoni mwa Colón. Mdogo wake Rollie amelala hapo tangu 1959. Baba yao alikuwa fundi wa mitambo kwenye malango ya mfereji, enzi za Wamarekani. Marlys kazaliwa huko, kaondoka ana miaka tisa, hajarudi. Haya yote nayajua. Sikujua kama ni sehemu ya likizo.

Nikamuuliza, unataka kwenda? Akasema si lazima.

Basi.

Jumatatu, 7 Aprili

Baharini kutwa. Asubuhi walitukusanya ukumbini tuhubiriwe ziara. Mhubiri ni binti mmoja Mserbia, Tijana, mkuu wa kaunta ya ziara. Meno mazuri. Kila mahali kwake ni "usikose". Nimeuza huduma maisha yangu yote. Sijawahi kumwambia mteja shimo lake ni usikose.

Mwisho akashusha sauti. Aliyenunua ziara ya meli, meli itamsubiri hata basi likipata pancha. Aliyejiendea mwenyewe akachelewa, meli inang'oa nanga. Haimsubiri mtu. Ukumbi mzima ukaguna. Mchungaji wetu na moto wake wote wa jehanamu hajawahi kupata mguno ule. Dakika tano baadaye foleni ya kaunta ilifika kwenye lifti. Hapo ndipo nilipoiona biashara yenyewe. Hawauzi fukwe, wanauza woga. Nampa heshima yake.

Nilipofika mbele nikachukua Cartagena, ile fupi.

"Hiyo inapendwa sana, mzee," akasema Tijana.

"Na nani? Na wenye duka la zumaridi?"

Akacheka kama mtu aliyekamatwa. "Duka ni dakika chache tu."

"Nitahesabu."

"Na Colón, mzee? Kuna treni, kuna ngome ya kale, kuna mnara wa kutazamia malango."

"Malango nitakuwa nimepita ndani yake asubuhi ile ile. Nikayatazame tena jioni kwa dola tisini?"

Nikamuuliza, kwa kupita tu, kama kuna basi linalopita karibu na makaburi. Akanitazama. "Makaburi? Mzee, watu wako likizo." Teksi zipo getini, akasema, ila mji ule yeye hamshauri mtu kuzunguka peke yake. Wanapora saa, pete, simu.

Hilo hata mimi nilikuwa nalijua.

Mezani usiku tumepangwa na Arlette Buske, mjane kutoka Wisconsin. Safari yake ya kumi na mbili. Ana kamba shingoni yenye beji za kila meli aliyopanda, mwenyewe anazipapasa kama jenerali. Nikatangaza hapo hapo, ili yaishe: Aruba tunapanda nyambizi, Cartagena tunachukua ile fupi, Colón hatushuki.

"Hamshuki?" Arlette akamgeukia Marlys. "Si umeniambia umezaliwa pale, mama?"

Marlys alikuwa anakata kiazi. "Orrin ameshaangalia kila kitu," akasema. "Sawa tu."

Kisha mhudumu akaja kumuuliza kama anataka keki. Marlys akasema si lazima. Mhudumu akaenda zake! Hawajui watu. Kwetu Minnesota mtu hasemi anataka. Ukimkaribisha kahawa atasema usijisumbue. Mara ya pili, labda nusu kikombe. Mara ya tatu unamimina. Nusu ya wateja wangu nimewapata kwa kujua kuuliza mara ya tatu, na washindani wangu wote walikufa kibiashara kwa kuuliza mara moja. Nikamwita mhudumu, nikaagiza keki mwenyewe. Marlys akaila yote.

Jumatano, 9 Aprili

Aruba. Nyambizi si nyambizi. Ni boti ya kawaida yenye madirisha chini ya maji, na mtu aliyevaa kofia ya nahodha. Tulikaa kama abiria wa basi la shule tukatazama mchanga. Samaki watano, mmoja mgonjwa. Bibi wa mbele yangu akauliza kama samaki hao ni wa kampuni ya meli. Nilitaka kushuka.

Arlette yeye hakununua kitu kwa Tijana. Alitoka getini, akamkamata dereva mmoja aliyekuwa anakula, wakazunguka kisiwa kizima, akaleta na samaki wa kukaanga kwenye karatasi. Karibu nusu ya nilicholipa mimi. Nilikagua hesabu yake mara mbili nikitafuta kosa. Hana kosa. Nimemchukia.

"Unaogopa nini, mzee wa mashimo?" akaniuliza mbele ya watu. "Wewe uliyeingia kwenye mavi ya Minnesota yote, unamwogopa dereva wa teksi?"

Wakacheka. Marlys pia, kidogo.

Alhamisi, 10 Aprili

Baharini. Wametukunjia taulo umbo la tembo. Kuna mtu analipwa kwa hilo.

Nimemkuta Marlys na Arlette sitaha ya juu, vichwa pamoja. Nilipofika wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Wanawake wakirukia hali ya hewa ghafla, mwanamume ashike pochi yake.

Marlys ana picha aliyoitoa nyumbani. Sikujua ameibeba. Rollie na yeye, mbele ya nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, mtoto kavaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Nikasema vinampwaya. Akasema, "Ni vyangu. Vya kanisani. Alikuwa hataki kuvivua, hata kulala. Mama akamwacha navyo." Nikauliza akamwacha navyo wapi. Akairudisha picha kwenye pochi.

Nimeelewa nikiwa bafuni.

Ijumaa, 11 Aprili

Cartagena. Nimehesabu, kama nilivyomwahidi yule binti. Ngome: dakika ishirini na mbili, pamoja na kusubiri mzee mmoja aende haja. Duka la zumaridi: hamsini. Wametufungia ndani kabisa, mlangoni kasimama mwenye bunduki, ati kwa usalama wetu. Muuzaji akamvisha Marlys kidani, akamwambia kinafanana na macho yake. Macho ya Marlys ni ya kijivu. Nikamwambia muuzaji akanunue miwani kwanza. Basi zima lilininunia mpaka bandarini, wakati nilikuwa nimewaokolea pesa.

Lakini jioni nimefurahi. Naandika kabla sijasahau, maana safari hii furaha ni haba.

Kumbe wazoefu wa meli wana mchezo wao. Karibu na saa ya kuondoka wanapanda sitaha na vinywaji vyao, wanajipanga kwenye reli, kuwangoja waliochelewa. Arlette ana kengele ya ng'ombe, ameitoa kwao Wisconsin kwa kazi hiyo tu. Ngazi inakaribia kuinuliwa, mara wanatokea wanawake wawili mwisho wa gati, wamevaa kofia kubwa za majani, mifuko ya manunuzi inawapiga magotini. Wanakimbia kama bata! Kengele inalia, watu mia wanapiga makofi, "Kimbia, mama, kimbia!" Mmoja kofia imepeperuka, akasimama, akaitazama, akaiacha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Marlys hakuja relini. Alisema hapendi.

Waliingia dakika ya mwisho, wekundu kama nyanya. Arlette akaniambia kisa. Meli inafuata saa ya Florida safari nzima. Nchi za huku ziko nyuma kwa saa moja. Simu ikishika mnara wa nchi kavu inajirudisha yenyewe, bila kukuuliza. Mtu anaangalia simu, anaona ana saa nzima mbele yake, anaagiza juisi nyingine.

"Kila safari wapo," akasema. "Ndiyo maana mimi navaa saa ya mkono."

Watu wazima. Wana nyumba, wana wajukuu, wamepiga kura, na hawajui ni saa ngapi. Nikamwambia kwenye kampuni yangu wangekuwa wamefukuzwa kabla ya chai.

Jumamosi, 12 Aprili

Mfereji. Kabla jua halijatoka sitaha imeshajaa, kila mtu na simu yake juu, wanarekodi kisogo cha aliye mbele. Mtangazaji kwenye spika hanyamazi. Wanapewa mikate mitamu ya asubuhi waliyoipa jina la mfereji. Ni mikate ile ile ya jana.

Lakini malango ya Gatún nayasema kwa haki. Meli ya uzito huu inapandishwa ngazi tatu kwenda ziwani, na hakuna pampu hata moja. Maji ya juu yanateremka kwa uzito wake mwenyewe, yanainua meli, basi. Zaidi ya miaka mia. Mimi ni mtu wa maji yanayoteremka. Najua ugumu wa kitu rahisi namna hiyo. Nilivua kofia. Mtu wa kasuku pembeni yangu akauliza swimingi inafunguliwa saa ngapi.

Pande zote mbili za meli zilikuwa zinatembea zile injini ndogo za reli wanazoziita nyumbu, zimeishika meli kwa nyaya isigonge kuta. Marlys akanyoosha kidole.

"Baba alikuwa anatengeneza hizo. Si hizi. Zilizotangulia hizi." Kisha, "Pale palikuwa na ngazi. Tulikuwa tunamngoja na Rollie pale. Rollie alikuwa anazihesabu meli, ila alijua kuhesabu mpaka nne tu. Kila siku zilipita meli nne."

Nikasema injini za zamani bila shaka zilikuwa imara zaidi.

"Hapo," akasema, "sasa ni maegesho ya magari."

Tukageuka ziwani, tukashuka ngazi zile zile tatu kurudi baharini. Saa nane mchana tumefunga Colón. Kutoka sitahani mji unaonekana: kreni, makontena, mapaa ya bati yenye kutu, mnara wa kanisa. Nikamwambia Marlys sasa tulale kidogo.

Alikuwa amevaa suruali yake nyeupe na raba za kutembelea.

"Ninashuka, Orrin."

"Unashuka wapi?"

"Mount Hope. Arlette amenipatia dereva anayemjua. Anaitwa Eusebio, ana teksi ya njano, ananingoja getini." Akafunga kamba ya raba. "Wewe si lazima."

Nikamwambia yote. Kwamba hatujui hata kaburi liko sehemu gani. Kwamba miaka sitini na sita, msitu umeshamaliza kazi yake. Kwamba msalaba ulikuwa wa mbao, kasema mwenyewe. Kwamba akienda atakuta nyasi, na nyasi anaweza kuziona kwetu bila kulipa nauli ya mtu. Kwamba yule binti wa ziara amesema wanapora. Sikupaza sauti. Nilimpa hesabu tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, mkoba mkononi, kama anavyomsikiliza mtu wa bima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nitarudi kwa chakula."

Nikasema kama anakwenda, basi asiende kama mti wa Krismasi. Nikamvua mkufu. Nikamvua pete, ile ya jiwe. Nikamvua na saa, ni ya dhahabu, nilimnunulia mwaka tulipomaliza kulipia gari la nne. Nikafungia vyote kwenye sefu. Nikampa dola ishirini za noti ndogo, nikamwambia achukue simu tu, iwe mfukoni.

Ametoka. Sasa nimejilaza. Huduma ya kupiga simu nje ya nchi wanataka dola ishirini kwa siku na sikununua, ya simu yangu wala yake, kwa hiyo hata nikitaka kumpigia siwezi. Lakini nitake kwa nini. Nampa saa moja. Atazunguka makontena, ataona mbwa wawili, atarudi.

Baadaye

Hajarudi. Nimekunywa kahawa mbili. Nimemshinda mtu wa kasuku kwenye karata, mara tatu, na hakujua kama ameshindwa.

Jioni, gatini

Naandika nimekalia gogo la chuma la kufungia kamba za meli. Mikono haina kazi nyingine.

Mwisho wa kurudi melini ulikuwa saa kumi na mbili na nusu, kuondoka saa moja. Saa kumi na mbili nikafungua sefu kuchukua pesa ya bakshishi ya mhudumu. Saa ya Marlys ilikuwa pale, juu ya pete, inafanya kazi yake. Saa kumi na mbili. Nikaitazama. Kisha, sijui kwa nini, nikachukua simu yangu mezani.

Saa kumi na moja.

Nilipanda sitahani kwa ngazi, lifti sikuingoja. Reli ilishajaa. Vinywaji, mashati ya kasuku. Arlette alikuwa katikati na kengele yake.

"Mzee wa mashimo! Umekuja kuwaona bata?"

"Ulimwambia saa ngapi?"

"Nani?"

"Marlys. Kuondoka. Ulimwambia saa ngapi?"

"Saa moja. Na kuingia saa kumi na mbili na nusu." Tabasamu likaanza kuondoka. "Sikumwambia saa moja ya wapi. Alikuwa na saa mkononi, Orrin, jana tu nimeiona. Nikajua ana saa yake."

Nikaitoa saa ya Marlys mfukoni, nikaiweka mezani, kati ya glasi. Akaitazama, akaitia kengele kwenye mfuko wake.

Nikairudisha saa mfukoni, nikasema ampigie dereva. Akapiga. Simu ya Eusebio ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. "Atakuwa ameiacha kwenye teksi," akasema. "Atakuwa ameingia naye makaburini."

Saa kumi na mbili na nusu. Spika ikamtaja: Bi Marlys Tveit wa chumba 6114, tafadhali awasiliane na mapokezi. Mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale pale kati ya watu wanaongoja onyesho, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, haya, tumempata wa leo.

Nimefanya kazi na watu wabaya kuliko huyo. Sikugeuka.

Chumbani nikakuta afisa na mhudumu wetu wananisubiri mlangoni. Utaratibu wao, kumbe, ni kuchukua pasi ya aliyechelewa na kumwachia wakala wa bandari. Adabu tele. Nikawaambia pasi atapewa na mimi. Nikatoa zote mbili. Nikachukua dawa zake za presha, sweta lake, miswaki. Shati la kasuku lilikuwa juu kabisa sandukuni, nikalisukuma kando.

Chini kwenye ngazi alikuwepo Tijana na walinzi wawili.

"Mzee, usishuke. Zimebaki dakika kumi. Ukishuka hapo sikuhakikishii kitu."

"Hujawahi kunihakikishia kitu. Uliniuzia samaki mgonjwa."

"Mzee, nisikilize. Wakala atampokea. Atamlaza hoteli, kesho atampandisha ndege. Tunafanya kila wiki."

"Atamwambia nini?"

"Nani?"

"Wakala wako. Atamwambia nini akifika hapa akute hakuna meli?"

Akanyoosha mkono kuchukua kadi yangu ya meli, akaisoma kwenye mashine yao. Ikalia kama inavyolia siku zote mtu akishuka, mlio ule ule wa kwenda kuona ngome. Akasema taratibu, kama anazungumza na babu yake, "Ziara ya kujiendea mwenyewe, mzee. Hatusubiri."

"Nilikuwepo ukumbini," nikamwambia.

Wameinua ngazi. Wanafungua kamba za nyuma. Juu wamejipanga wote, orofa mbili, na kwa kuwa hakuna mwingine gatini wamenigeukia mimi. Makofi. "Kimbia, mzee, kimbia!" Nikimbilie wapi? Nimekaa. Mfuko wa dawa mapajani. Kengele haijalia. Namwona Arlette pembeni, peke yake, mikono yote miwili juu ya reli.

Nilimuuliza mara moja. Jumapili, akiwa na kijitabu mkononi. Mteja ningemuuliza mara tatu.

Meli imepiga honi. Ni kubwa sana ukiwa chini yake.

Kuna taa getini. Njano. Teksi.

Ni yeye. Ameshuka. Suruali nyeupe ina udongo mwekundu magotini, yote mawili, na mikono mpaka kwenye viwiko. Dereva naye ana udongo. Wanaagana dirishani, anamwambia kitu, dereva anacheka, anamshika mkono kwa mikono miwili. Hana haraka. Sasa anakuja. Gati ni refu na anatembea katikati yake kama mtu anayetoka kanisani, anaitazama simu, anairudisha mfukoni. Ana saa nzima. Atapata muda wa kuoga na kubadilisha nguo kabla ya chakula.

Kule juu wameanza kupiga kelele, hajui kwamba ni zake.

Ameniona. Amenipungia mkono wa udongo. Nimesimama, saa yake mfukoni mwangu. Hajatazama ngazi bado.